Mali Bila Daftari

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo niliuandika kwa mkono wangu, kwa chaki, juu ya mlango wa stoo ya chuo cha ualimu nilichokiongoza, na kila ulipofutika niliuandika upya. Ndani ya stoo ile mlikuwa na mablanketi, vitabu vya kiada, majembe, sufuria na mafuta ya taa. Kilichoingia kiliandikwa, kilichotoka kilitiwa saini, na mkaguzi alipofika nilimkabidhi leja bila kutetemeka, kwa maana salio la kwenye karatasi lililingana na vitu vilivyokuwa juu ya rafu. Naeleza haya si kwa kujisifu, bali ili msomaji auone vizuri ukubwa wa aibu yangu. Uzeeni nilipoteza kitu ambacho thamani yake iliyapita mablanketi yote yale, na nilikipoteza kwa sababu sikukifungulia daftari.

Kitu chenyewe kilikuwa kurasa kumi na moja za maandishi.

Baada ya kustaafu niliazimia kuandika kitabu juu ya ualimu wa enzi zetu, hasa miaka ile ya Elimu ya Msingi kwa Wote. Vijana wa leo hawaijui vizuri habari hiyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani. Madarasa yangeweza kujengwa kwa matofali ya wanakijiji, lakini walimu wangetoka wapi? Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kuwatoa wote kwa muda ule mfupi. Ndipo walipochukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha watoto, wakasoma kwa posta na kwa redio, na mwishoni wakaja vyuoni kwa wiki chache kukamilisha mafunzo. Watu waliwaita walimu wa UPE, na wengi walilitamka jina hilo kwa dharau. Mimi nilitaka kuandika walivyokuwa hasa.

Aliyewajua kuliko mimi alikuwa mwalimu mwenzangu mmoja aliyenizidi umri kwa miaka tisa. Yeye ndiye aliyezunguka vijijini kwa baiskeli, mvua na jua, akiwatazama vijana hao wakifundisha na kuwaelekeza. Uzeeni tulikuwa majirani hapa Njombe. Alikubali kunisimulia, nami nikawa namwandika palepale kwenye kompyuta, kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza kuchapa kwa vidole vyote na nilijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa. Ningetumia kalamu na daftari la kurasa mia kama zamani, makala haya yasingeandikwa.

Sasa nieleze vyombo vyangu. Nyumbani nilikuwa na kompyuta ya mezani, kuukuu, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga ofisi yake. Haikuwa na intaneti. Dodoma, kwa binti yangu, kulikuwa na kompyuta mpakato ambayo aliniachia kila nilipokwenda kumtembelea. Mjini, karibu na stendi, kulikuwa na duka la steshenari ambako nilikwenda kuchapisha karatasi. Kati ya mahali hapo patatu nilisafiri na flashi moja ndogo, ndani ya mfuko wa shati. Kitabu chote kilikuwa faili moja lenye jina moja, "Kitabu", na lilikuwa limeshapita kurasa mia na hamsini. Nilijiona salama kabisa. Nilikuwa na nakala nyumbani, nakala Dodoma, na nakala mfukoni. Hata moto ukizuka, nilijisemea, utachoma moja tu.

Mwezi wa Februari mwaka 2019 mzee alikuja mara ya kwanza. Alisimulia mchana mzima, nikaandika, nikaenda steshenari nikamchapishia kurasa zile azisome kwake. Mwezi wa Aprili nilikaa Dodoma majuma mawili, nikaendelea na sura nyingine kwa kompyuta ya binti yangu. Nikarudi, nikanakili faili kutoka kwenye flashi mpaka kwenye kompyuta ya mezani. Mwezi wa Juni mzee akaja mara ya pili.

Siku hiyo hakusimulia mambo ya Azimio wala ya wizara. Alisimulia jambo ambalo, kwa maneno yake, hakuwahi kumwambia hata mkewe. Palikuwa na binti wa miaka kumi na saba, mmoja wa wale walimu wanafunzi, aliyefundisha hesabu za kutoa chini ya mti kwa punje za mahindi na wimbo alioutunga mwenyewe. Mzee alimkuta hana andalio la somo. Kwa mujibu wa taratibu alimpa alama za chini sana, na binti yule akaacha ualimu. Miaka mingi baadaye mzee alikutana na watu wazima waliokuwa watoto katika darasa lile, na wote walikuwa bado wanaujua wimbo. Aliniimbia wimbo huo mezani kwangu, maneno yote, nami nikayachapa. Kisha akanyamaza kwa muda, akasema, "Andika hivyohivyo, Mwalimu, usinisitiri."

Niliandika hivyohivyo. Zilitoka kurasa kumi na moja. Nikazihifadhi kwenye kompyuta na kwenye flashi.

Kumbe kompyuta ile ya mezani ilikuwa na ugonjwa nilioufahamu lakini niliudharau. Ndani ya kompyuta ya namna hiyo mna kibetri bapa cha duara, mfano wa sarafu, ambacho kazi yake ni kuiendesha saa wakati mashine imezimwa na umeme haupo. Kibetri changu kilikuwa kimekufa. Kila umeme ulipokatika, na kwetu haikuwa ajabu kukatika, mashine ilipowashwa tena iliamini kwamba ni tarehe 1 Januari mwaka 2009. Niliiona tarehe hiyo pembeni mwa kioo nikacheka tu. Saa ya ukutani ninayo, kalenda ya kanisa ninayo, ya nini kuhangaika? Sikufikiri kwamba kila faili ninalolihifadhi hupigwa muhuri wa tarehe, na kwamba muhuri huo hutoka kwenye saa hiyohiyo mbovu.

Julai nilikwenda Dodoma kutibiwa macho. Nilichomeka flashi kwenye kompyuta ya binti yangu ninakili faili langu. Mashine ikaniuliza, kama zinavyouliza: humu tayari mna faili lenye jina hili, je, nilibadilishe? Ikanionyesha yote mawili. Lililomo ndani lilikuwa la Aprili 2019. Lile la kwenye flashi lilikuwa la Januari 2009. Mtu mwenye akili timamu angechagua lipi? Nilichagua lililo jipya. Nikaandika sura za mwisho za kitabu kwa majuma matatu juu ya faili lile la Aprili, na siku ya kuondoka nikalihamishia kwenye flashi, juu ya lile la "2009". Nilipofika nyumbani kompyuta ya mezani ikaniuliza swali lilelile, nami nikatoa jibu lilelile.

Tazama basi, msomaji. Nilikuwa na nakala tatu mahali patatu, zote zinalingana neno kwa neno, na zote hazikuwa na kurasa kumi na moja. Hapakuwa na mwizi, moto wala virusi. Kila hatua niliifanya mwenyewe, kwa uangalifu, nikibofya kitufe nilichokielewa.

Mzee alifariki mwezi wa Agosti. Familia yake iliniomba niyasome maneno yake siku ya arobaini. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilifungua faili nikitafuta habari za binti wa punje za mahindi. Sura ilikwisha pale mchana wa kwanza ulipoishia, na baada yake ikaanza sura nyingine. Nilipanda na kushuka kurasa zile kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni mwake. Sikulala.

Kijana fundi wa kompyuta alijaribu siku mbili kuchimbua yaliyofutika. Alinieleza kwa adabu kwamba kitu kilichofutwa tu huenda kikapatikana, maana mashine huondoa jina na kuyaacha maandishi mahali pake kwa muda. Lakini mahali palipokwisha kuandikwa kitu kingine juu yake, cha kwanza kimekwisha. Ni kama ubao wa darasani. Ukifuta kwa haraka utaona kivuli cha maandishi, ila ukiandika somo jipya juu ya kivuli hicho hutasoma tena la zamani.

Katika majonzi yale nilikumbuka habari ya mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, niliyoisoma zamani. Mwaka 1922 alikuwa Lausanne, Uswisi, kwa kazi ya gazeti, na mkewe Hadley alitoka Paris kumfuata. Alimbebea karibu maandishi yake yote katika sanduku moja. Kituoni, Gare de Lyon, sanduku likaibwa. Uchungu wa habari hiyo ni kwamba mama yule, kwa nia njema, alikuwa amefungasha maandishi yenyewe pamoja na nakala zake za karatasi ya kaboni. Nakala zilikuwapo, lakini zilisafiri katika sanduku moja na asili yake. Zilizopona zilikuwa hadithi chache zilizokuwa mahali pengine. Mojawapo ilikuwa imetumwa kwa posta, iko mikononi mwa watu wengine.

Nakala zangu hazikuwa katika sanduku moja, bali zilikuwa chini ya mkono mmoja. Mkono ulipokosea mara moja, ulizikosesha zote. Hilo ndilo nililojifunza, na ndilo ninalotaka kumwachia yeyote anayeandika jambo refu kwa kuhama kutoka kompyuta hii mpaka ile. Wingi wa nakala haulindi kitu endapo hujui ipi ni ya mwisho. Na haifai kuiuliza mashine ipi ni ya mwisho, kwa kuwa mashine hujua tu ilichoambiwa na saa yake. Lazima ijulikane na mtu, na mtu husahau, kwa hiyo lazima iandikwe.

Nikarudi kwenye leja. Nilinunua daftari jembamba linalosafiri pamoja na flashi. Kila ninapomaliza kuandika, popote nilipo, naandika mstari mmoja kwa kalamu: tarehe ya kweli, kompyuta niliyotumia, sura niliyoigusa, na idadi ya maneno ya kitabu kizima. Idadi hiyo programu ya kuandikia huihesabu yenyewe na kuionyesha chini ya ukurasa. Hiyo ndiyo salio langu. Nikifungua kitabu kwenye kompyuta nyingine, jambo la kwanza ni kulinganisha. Daftari likisema maneno 61,240 na kioo kikasema 57,900, siandiki hata herufi moja mpaka nijue maneno yaliyopungua yako wapi. Kama ningekuwa na daftari hilo mwezi wa Julai, ningeyasimamisha makosa yangu mlangoni.

Jambo la pili ni jina. Sina tena faili linaloitwa "Kitabu" tu. Kila siku ya kazi huanza kwa kulihifadhi kwa jina jipya linalotangulia na mwaka, mwezi na tarehe, kisha herufi ya mahali: N kwa Njombe, D kwa Dodoma. Mwaka ukitangulia, majina hujipanga yenyewe kwa mfuatano, la mwisho likawa mwisho. Kwa kuwa hakuna majina mawili yanayofanana, mashine haipati nafasi ya kuniuliza kama ibadilishe. La zamani hubaki pale lilipo. Binti yangu alicheka alipoona mafaili yale mengi, akasema, "Baba, umegeuza kompyuta kuwa kabati la chuo." Nikamjibu kwamba kabati la chuo halikuwahi kupoteza kitu.

Jambo la tatu nililiazima kwenye mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji asiye na kijiti hakimbii. Kwangu kompyuta moja tu ndiyo yenye kijiti kwa wakati mmoja, na daftari ndilo linaloonyesha ni ipi. Nyingine inaruhusiwa kusoma, si kuandika. Hasara kubwa huanza pale unaposahihisha ukurasa mmoja hapa na mwingine kule. Ukishakuwa na vitabu viwili, kila kimoja kikiwa na jambo zuri ambalo mwenzake hana, kuviunganisha ni kazi ya kukaa navyo sentensi kwa sentensi.

Steshenari siendi tena na flashi ya kitabu. Flashi inayochomekwa kwenye mashine za watu wengi huokota virusi, na wapo wanaoficha mafaili yote hata flashi ikaonekana tupu. Ninayo nyingine ya sokoni, ambayo naiwekea sura ile tu ninayotaka ichapishwe, na ikirudi hairuhusiwi kugusa kompyuta ya kitabu kabla ya kusafishwa. Nimejifunza pia kutoichomoa flashi kwa pupa. Kompyuta huweza kusema imehifadhi kumbe bado imeshikilia maandishi kwake. Ni lazima kuiagiza iitoe flashi, kungoja iruhusu, ndipo uivute.

Mwaka uliofuata binti yangu alinifungia intaneti nyumbani na kunionyesha ile hifadhi waiitayo wingu. Si wingu, ni kompyuta za watu wengine zilizo mbali, na folda moja ndani ya kompyuta yako hupeleka kule kila badiliko, kisha kompyuta yako nyingine hulivuta. Nakiri ni msaada mkubwa. Hutunza hata matoleo ya nyuma kwa muda fulani, mara nyingi siku thelathini, na ukihariri pawili bila intaneti huenda ikakutengenezea mafaili mawili na kukuonya kwamba yanagombana, badala ya kumeza moja kimyakimya. Lakini wingu ni kioo. Ukifuta huku, kule nako hufutika. Na ukifunga kompyuta kabla haijamaliza kupeleka, ya Dodoma itakukaribisha na maandishi ya juzi. Kwa hiyo natumia wingu na daftari langu liko palepale.

La mwisho ni karatasi. Kila sura ikikamilika naichapisha mara mbili, na nakala moja naipeleka nyumba nyingine, kwa mtu nisiyeweza kuifikia usiku nikiwa na usingizi na kipanya mkononi.

Hilo nilifundishwa na mjane wa rafiki yangu. Asubuhi ile ya arobaini nilifika kwake mapema kumwambia ukweli. Nilitarajia lawama. Shemeji yangu alinisikiliza, akaingia chumbani, akatoka na bahasha. Ndani yake zilikuwamo kurasa za mchana wa kwanza, zile nilizomchapishia mzee mwezi wa Februari. Alikuwa amezisahihisha kwa penseli tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa mwandiko uleule aliosahihishia maandalio ya masomo ya vijana. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho aliandika kwamba yapo mengine atakayoniambia. Hizo ndizo nilizozisoma siku ile mbele ya watu.

Mchana wa pili haukurudi. Nimeuandika upya kutoka kichwani, na mwanzoni mwa sehemu hiyo nimeeleza wazi kwamba maneno ni yangu, si yake, na kwa nini. Habari ya andalio la somo ninayo, na alama za chini ninazo, kwa kuwa aliniagiza nisimsitiri. Wimbo ndio sina. Tuni yake naijua. Naipiga kwa vidole mezani nikiwa peke yangu. Maneno yamekwenda. Huenda huko vijijini wako wazee wa leo waliokaa chini ya mti ule wakihesabu punje za mahindi. Akitokea mmoja wao kunisomea, naomba aje nayo, nami safari hii nitamwandika kwa kalamu kwanza.